Pikapu Iliyopenda Msongamano

Nilikuwa fundi wa stima wa kanjo, yaani baraza la jiji la Nairobi, kwa miaka thelathini na minne. Sisemi haya kujipiga kifua. Nasema ili ujue unayemsikiliza ni nani. Kama umewahi kuishi katika zile nyumba za zamani upande wa Ziwani, ukabonyeza swichi na taa ikawaka bila kukurusha ukutani, basi huenda unapaswa kunishukuru mimi. Jina langu ni Phares Luseno. Hapa Buruburu, katika koti letu, yaani ua mmoja wenye nyumba kumi na nane, wananiita Baba Celine, ila wakitaka kuazima ngazi yangu huniita Injinia.

Nilipostaafu nilinunua pikapu. Haikuwa mpya. Kusema kweli, ilipotoka kiwandani mke wangu Jacklyne alikuwa darasa la tatu. Lakini ilikuwa na bodi ngumu, na ilinipa kazi ya kuwabebea watu vitanda na kabati kutoka kwa maseremala wa Gikomba. Jacklyne alikuwa akija nami kila Jumamosi. Alikaa kiti cha kushoto, mkoba magotini, akinielekeza njia ambazo sikumwuliza. Njia zenyewe zilikuwa nzuri, ila sikuwahi kumwambia hivyo.

Kisha ikaja ile siku ya Novemba. Jacklyne alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kwa sababu siku hiyo alikuwa anasimikwa kuwa mwenyekiti wao. Tukakwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, jua la saa sita utosini, na pikapu ikachemka. Mvuke ukatoka chini ya boneti, nami nikamwambia atulie, si kitu. Hakutulia. Alishuka kwenda kuangalia, na wakati huohuo mpira wa maji ukapasuka. Maji ya kutu yakamrukia kuanzia kifuani kwenda chini. Hayakumchoma, yalikuwa yamepoa hewani, namshukuru Mungu. Lakini ile sare ikawa na rangi ya chai.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivuka barabara, akapanda matatu akiwa hivyohivyo, akasimikwa akiwa hivyohivyo, na jioni akaniambia huku akipakua ugali, "Baba Celine, mimi na hilo gari tumeachana. Wewe nitabaki nawe."

Miezi minane ikapita bila yeye kuingia ndani. Nisikufiche, niliumia. Mtu hudhani anachukia kuelekezwa njia mpaka siku akose wa kumwelekeza. Nilikuwa nikikaribia Gikomba najikuta nimesema kwa sauti, "Unaonaje, tupite Landhies?" na hakuna wa kunijibu.

Mwezi wa saba, Celine, mtoto wetu wa pekee, akajifungua mvulana huko alikoolewa, Joska, mbele ya Ruai kwenye barabara ya Kangundo. Mjukuu wetu wa kwanza. Jacklyne akapanga kwenda kumwona Jumamosi, na mdogo wake Austine akajitolea kumpeleka. Austine ni mtu mzuri, sina neno naye, ila ana gari ambalo viti vyake bado vimevikwa plastiki za dukani, na huwezi kukohoa ndani yake bila kuulizwa kama una mafua. Mimi wiki hiyo nilitaka kitu kimoja: kufika kwa mjukuu wangu wa kwanza ndani ya gari langu mwenyewe, na mke wangu kando yangu. Hilo tu.

Ugonjwa wa pikapu niliujua. Mbele ya injini kuna rejeta, lile sanduku jembamba ambalo maji ya moto hupita ndani yake ili yapoe. Nyuma ya rejeta kuna feni, na kazi yake ni kuvuta upepo wa nje uipitie rejeta uingie ndani. Gari likienda kasi, upepo wa barabara unatosha. Likikwama kwenye msongamano, uhai wake wote uko mikononi mwa feni. Feni yangu, iliyozungushwa na mkanda wa injini, ilikuwa imevunjika mapanga mawili, na hayo mengine yalizunguka kwa mazoea tu. Nikaamua kuitoa na kufunga feni ya stima, ile inayozunguka kwa nguvu za betri.

Nilikwenda kwa Nabiswa, fundi wa magari mwenye gereji ya wazi karibu na Ziwani. Alinitolea feni nzuri kutoka gari dogo lililogongwa nyuma, akaifuta vumbi kwa shati lake.

"Iko poa, mzae," akasema. "Nipe nusu saa nikufungie."

"Unifungie mimi?" nikamwuliza. "Stima?"

"Eeh. Unajua waya za gari si kama za keja."

Keja, kwa wale wasioishi huku kwetu, ni nyumba. Nilimtazama Nabiswa kuanzia kofia hadi kandambili.

"Wewe ulipokuwa hujui kufunga kamba za viatu," nikamwambia, "mimi nilikuwa nafunga stima ya gorofa nne, ngazi na vyoo pamoja."

"Sawa, mzae, heshima. Lakini uangalie inazunguka side gani."

"Feni huzunguka upande wa feni," nikamjibu, nikaibeba nikaondoka. Hadi leo sijui nilimaanisha nini, lakini niliisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Alhamisi asubuhi nikaanza kazi mbele ya nyumba. Nilikuwa na kebo nene ya nyumba na klipu za kushikilia waya ukutani. Nilikuwa pia na swichi ya jiko la stima, ile kubwa nyekundu inayokaa ukutani jikoni na kuwasha taa ndogo ili usisahau kwamba umewasha jiko. Taa yake niliibadilisha nikaweka balbu inayokubali betri. Swichi nikaikaza kwenye dashibodi, juu ya kipande cha mbao nilichokipiga randa na kukipaka vanishi. Ilipendeza. Mtu akiingia alijikuta anatafuta sufuria.

Feni yenyewe ilikuja na waya mbili, moja ya buluu na moja nyeusi. Hapo ndipo penye kisa, kwa hiyo tulia unisikilize. Zamani, waya nyekundu ya nyumba ndiyo iliyokuwa na moto, yaani inayoleta stima, na nyeusi ilikuwa ya kuirudisha. Kisha kanuni zikabadilishwa. Siku hizi buluu ndiyo ya kurudisha, na nyeusi inaweza kuwa na moto. Wenzangu wengi walikataa kujifunza mambo mapya uzeeni. Mimi nilikaa semina siku tatu nikapewa cheti, na cheti kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Kwa hiyo nilipoona buluu na nyeusi sikusita hata dakika. Nyeusi nikaipeleka kwenye upande wa moto wa betri, buluu nikaifunga kwenye bodi ya gari. Nilifuata cheti neno kwa neno. Fundi wa kubahatisha kama Nabiswa angefanya kinyume.

Nikabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka, feni ikanguruma, majirani wakatoka nje. Khalif, mfanyabiashara wa vitambaa anayeishi nyumba ya pili kutoka kwetu, akaja na kikombe chake cha chai akasimama mbele kabisa ya pikapu. Kikoi chake kikaanza kupepea.

"Mashallah, Injinia!" akasema. "Upepo unanifikia hadi hapa!"

"Hiyo ni nguvu ya feni," nikamwambia.

"Nahisi kama niko Mombasa!"

Watu wakacheka, wakanipongeza, mmoja akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea pasi. Niliiacha pikapu ikinguruma nusu saa nzima katika baridi ile ya Julai, na mshale wa joto ukapanda hadi katikati ukakaa hapo. Nikaingia ndani nikala mchana kwa raha.

Jacklyne alikuwa ameona yote kupitia dirisha la jikoni. Ijumaa jioni Austine alikuja kupanga safari. Tulikuwa kwenye chai Jacklyne aliponigeukia.

"Itachemka?"

"Haitachemka."

"Basi nitapanda," akasema. "Lakini Austine atatufuata nyuma. Ikichemka mara moja, mvuke ukitoka hata wa kujaza kikombe hiki, nashuka naingia kwake. Na sitakanyaga tena ndani ya gari hilo hadi nife. Nimesema mbele ya shahidi."

"Nimesikia, sista," akasema Austine, na alionekana amefurahi kupita kiasi.

Jumamosi asubuhi tukapakia unga wa wimbi, kuku wawili na blanketi la mtoto. Jacklyne akaingia, akaweka mkoba magotini, akaitazama dashibodi.

"Hii si swichi ya jiko?"

"Ni swichi ya feni."

"Imeandikwa jiko. Kwa Kizungu."

"Puuza maandishi," nikasema, nikaibonyeza. Taa ikawaka.

Outering Road ilikuwa imefunga kabisa. Malori, matatu, mikokoteni, wote tumesimama. Kwa miezi yote ile msongamano wa namna hiyo ulikuwa unanitoa jasho, lakini siku hiyo nilitoa kiwiko dirishani nikakaa nikistarehe. Mshale ulikaa katikati kana kwamba umepigwa msumari. Nyuma yetu Austine alikuwa amewasha taa zake za dharura, zinamulika kushoto na kulia, ungedhani tunasindikiza maiti.

"Pita kulia hapo," akasema Jacklyne.

Nikapita kulia. Nilifurahi mno, na sioni haya kusema.

Tukaingia barabara ya Kangundo. Baada ya Komarock njia ikafunguka, nami nikakanyaga mafuta. Mtu yeyote mwenye gari bovu hushukuru njia ikifunguka, kwa sababu upepo huingia na injini hupoa. Nikatupia mshale jicho. Umepanda. Nikadhani ni kivuli. Nikaangalia tena, umepanda zaidi. Nikapunguza mwendo kidogo, lakini haukushuka. Ulikuwa unaelekea kwenye alama nyekundu. Mbele yetu ilikuwa njia panda ya Kayole, imejaa matatu zinazogombania abiria. Bila kufikiri nikakata kushoto nikajichomeka katikati yao, nikasimama.

Mshale ukaanza kushuka.

"Mbona tumesimama?" akauliza Jacklyne.

"Ndizi," nikasema.

"Tumeacha ndizi nyumbani."

"Zile si za mzazi."

Alinitazama. Kisha akafungua mlango. "Kaa hapo, nitachagua mimi. Wewe huchagua ndizi kama mtu anayenunua misumari." Akazunguka mbele ya pikapu kwenda kwa muuzaji, akachelewa kidogo, akarudi na mkungu mzima. Alikaa akirekebisha kitambaa chake cha kichwa kwa muda mrefu. Mimi sikujali, maana mshale ulikuwa umerudi katikati.

Tukaondoka. Njia ikafunguka, mshale ukapanda. Njiru nikasimama kununua viazi, gunia zima, kwa sababu kupakia gunia huchukua muda na mimi nilihitaji muda. Nikaiacha injini ikinguruma na feni ikizunguka. Mshale ukashuka. Tukaondoka, ukapanda. Nikasimama kununua fagio. Mbele kidogo nikanunua kigoda. Ruai nikanunua matikiti sita, na jogoo ambaye mwenyewe hakuwa na mpango wa kumuuza. Simu ikalia, ilikuwa ni Austine.

"Shemeji, tunaenda kuona mtoto ama tunafungua soko?"

"Huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu," nikamjibu nikakata.

Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa kufikiri. Pikapu inapoa ikisimama na inachemka ikikimbia. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia gari la namna hiyo. Nairobi nzima inalia kwa sababu ya msongamano, na mimi peke yangu nilikuwa namwomba Mungu aniwekee trela lililokwama katikati ya barabara. Nilikagua yote akilini: maji yapo, mkanda upo, waya nimezifunga mimi. Kwa hiyo si waya. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo mara nne.

Baada ya Ruai maduka yakapungua. Mashamba, mawe, ishara za ploti zinazouzwa, na barabara tupu mbele yetu bila hata baiskeli. Mshale ukaanza safari yake. Sikuwa na la kununua. Nikijiburuta kwa mwendo wa punda Jacklyne angeuliza, na Austine angepiga honi. Jasho likanitiririka mgongoni mwezi wa saba, watu wakiwa na makoti. Nikatazama kioo, nikaona plastiki za Austine ziking'aa. Akilini nilimwona Jacklyne akishuka. Nilimwona akifunga mlango polepole bila kuubamiza, jinsi anavyofanya akiwa amekata kauli. Mshale ukagusa nyekundu. Nikafumba midomo nikaomba, na sikuomba kwa maneno ya heshima.

Kisha mshale ukasita. Ukarudi nyuma kidogo. Ukashuka tena, taratibu, ukapita robo tatu, ukafika katikati, ukateremka hata chini ya katikati, mahali ambapo sikuwahi kuuona tangu nifunge ile feni. Na tulikuwa tunakimbia! Nilikanyaga mafuta, ukazidi kushuka. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, ambayo si sauti yangu.

"Umeona?" nikamwambia Jacklyne. "Ilikuwa inajizoeza. Sasa feni imeshika kazi."

"Nimeona," akasema.

Tulikuwa tunaingia Kamulu niliponyoosha mkono kuipapasa ile swichi, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake mzuri. Taa nyekundu haikuwaka.

"Nani amezima?"

"Mimi," akasema Jacklyne, akitazama nje.

"Lini?"

"Muda kidogo. Taa ya jiko inawaka tangu Buruburu na hakuna kinachopikwa. Si wewe unayepiga kelele nyumbani kwamba tokeni za stima zinaisha?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Stima ya nyumba haijali. Chukua feni ya nyumbani, badilisha waya zake mbili asubuhi, uzibadilishe tena jioni, itazunguka upande uleule. Hilo nililijua miaka thelathini na minne, nikalijua vizuri mno. Lakini stima ya betri inatoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Ukibadilisha waya, feni inageuka na kuzunguka kinyumenyume. Na waliotengeneza magari hawakuhudhuria semina yangu. Kwao buluu ndiyo iliyokuwa na moto. Feni yangu haikuwa inavuta upepo kuingia. Ilikuwa inausukuma utoke. Gari likiwa limesimama, upepo ni upepo, unapoza kwa shida lakini unapoza. Gari likikimbia, upepo wa barabara unaingia, wa feni unatoka, wanakutana katikati ya rejeta na hakuna anayempisha mwenzake. Khalif hakuwa amesifu nguvu ya feni. Alikuwa amepigwa na upepo ambao haukupaswa kumfikia kabisa.

Jambo la pili nililolielewa lilikuwa baya zaidi: hakuna aliyelazimika kujua. Njia ikifunguka nazima. Tukikwama nawasha. Ningeweza kuishi hivyo miaka kumi, nikasifiwa hadi kaburini. Tulipokata kuingia njia ya udongo ya Joska, mwendo ukapungua na mshale ukaanza kuinuka, nikaiwasha swichi polepole kwa kidole kimoja. Jacklyne hakugeuka.

Tukafika. Hakuna mvuke hata wa kujaza kijiko. Mama Mbithi, mama mkwe wa Celine, alitoka akatuona tukishusha wimbi, kuku, mkungu wa ndizi, gunia la viazi, matikiti sita, fagio, kigoda na jogoo mwenye hasira. Akapiga vigelegele hadi majirani wakaja.

"Wakwe ni hawa!" akawaambia. "Wamebeba mpaka pa kukalia!"

Austine alinishika mkono. "Shemeji, nimekubali. Mimi nilijua tutaishia njiani."

"Mzee aliifunga mwenyewe," Jacklyne akawaambia wote, na alisema kwa sauti, mkono wake begani kwangu. "Waya zote. Hakuna fundi aliyegusa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tukaingizwa ndani, Celine akaniwekea mtoto mikononi, mdogo, mzito kuliko nilivyodhani, amekunja uso kama mtu anayesubiri maelezo. Nilimshika vibaya. Sikuweza kumtazama. Nikamrudisha kwa mama yake, nikasema naenda kuangalia gari.

Nilikuwa nimefungua boneti na kutoa bisibisi Jacklyne alipokuja akasimama kando yangu. Nikaona afadhali niseme upesi.

"Mama Celine, nilizifunga kinyume. Feni inazunguka kinyumenyume tangu Alhamisi. Ulipoizima ndipo gari likapoa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua Kayole. Nilipita hapa mbele kwenda kununua ndizi zako za mzazi, upepo ukakaribia kuning'oa kitambaa kichwani. Upepo wa moto." Akaigusa rejeta kwa kidole akakitoa upesi. "Nimepepea jiko la makaa miaka mingapi, Baba Celine? Siwezi kukosa kujua upepo unatoka wapi na unakwenda wapi. Njiru nikapita tena, nikahakikisha. Kule mbele ya Ruai nikaona jasho lako, nikazima."

Nikalegeza skrubu mbili, nikaihamisha buluu mahali pa nyeusi na nyeusi mahali pa buluu. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nikawasha. Jacklyne akavua kitambaa chake akakishika mbele ya rejeta, kikavutwa kutoka vidoleni mwake kikabandikwa kwenye chuma kikatulia hapo.

Austine akatokea mlangoni, anatafuna ndizi. "Shemeji, kuna shida?"

"Shida gani?" akasema Jacklyne kabla sijafungua mdomo. "Anakaza skrubu. Rudi ndani ukakate tikiti, na usimwagie maji kiti cha watu."

Austine akarudi. Nikakaza ile skrubu ya pili zaidi ya ilivyohitaji.

"Kwa nini hukuniambia Kayole?" nikamwuliza.

"Ungebishana."

"Ningebishana," nikakubali. "Ningekuletea habari za cheti."

"Hadi Ruai. Na gari lingechemka huku unaniletea habari za cheti, na mimi nilikuwa nimesema mbele ya Austine kwamba nitashuka." Akakibandua kitambaa kwenye rejeta, akakikung'uta vumbi, akaanza kujifunga tena, akiangalia upande mwingine. "Na mimi sikutaka kushuka, Phares."

Miaka thelathini na mbili ya ndoa, na jina langu huliita mara chache sana. Nikafunga boneti, nikanawa mikono kwenye bomba la nje, nikaingia ndani kumwomba Celine anipe tena mjukuu wangu nimshike vizuri.